Tanganyika Ilikuwa Amana, Haikuwa Mali ya Mwingereza

Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana wa chama iliyofanyika Singida Mjini. Mtoa mada ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa tawi letu. Tumeiweka hapa kama alivyoitoa, kwa ajili ya makamanda ambao hawakufika.

  

Nimepewa mada ya historia ya nchi yetu mikononi mwa wageni. Nikaona nisiwaletee orodha ya magavana, hiyo mlishakariri shuleni. Nimekuja na swali moja tu. Kuanzia 1919 mpaka 1961, Tanganyika ilikuwa ya nani?

Nawasikia mnajibu: ya Mwingereza. Hata kwenye mtihani ukiandika hivyo unapata vema. Lakini kisheria jibu hilo siyo sahihi, na wazee wetu waliolijua hilo mapema ndio waliotuletea uhuru bila vita. Tanganyika haikuwahi kuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa amana. Uingereza ilikabidhiwa itunze, na mtu aliyekabidhiwa kutunza hana haki ya kuuza. Nataka tukitoka hapa leo kila mmoja awe ameielewa sentensi hiyo, maana mwisho nitawaonesha kwamba inamhusu hata mwenyekiti wa kijiji chako.

Tuanze na vita.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki, sisi wa kanda ya kati tulikuwa katikati ya njia. Majeshi ya Waingereza na Makaburu yalishuka mpaka Kondoa mwaka 1916. Wabelgiji walitokea Kongo, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Mjerumani alirudi nyuma akichukua ng'ombe na nafaka, na waliomfuata nao wakachukua kilichobaki. Vijana walikamatwa kubeba mizigo ya majeshi na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Manyoni tuna ndugu zetu Wagogo wengi, waulizeni wazee wao habari ya Mtunya. Ndiyo njaa ile iliyoipiga Ugogo baada ya majeshi kupita. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu.

Sasa wakati watu wanazikana huku, Paris walikuwa mezani wanagawana. Kikao kikubwa cha mataifa yaliyoshinda kiliamua Mei 1919 kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani iende kwa Mwingereza. Mbelgiji akakataa. Akasema, mimi ndiye niliyeiteka Tabora, nimekaa Kigoma, nimekaa Ruanda na Urundi, halafu mnanipa nini? Na jamani, Mbelgiji hakuwa anaitaka nchi hii kwa ajili yetu. Alikuwa na mpango wa kubadilishana: yeye aachie ardhi huku, Mreno apewe kipande cha kusini, halafu Mreno amwachie Mbelgiji kipande cha ardhi kwenye mdomo wa mto Kongo. Yaani mtu wa Kigoma awe chenji ya kumalizia biashara ya kule Atlantiki.

Mpango ule ulikwama. Mwisho Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakakubaliana, tarehe 30 Mei 1919, kwamba Ubelgiji ichukue Ruanda na Urundi, na kilichobaki kiwe cha Uingereza. Mreno akapewa pembetatu ya Kionga, pale kusini mwa mto Ruvuma. Na kulikuwa na wengine waliokuwa wanainyemelea. Mwaka 1918 kuna wakubwa walioandika kwamba nchi hii ifanywe koloni la Wahindi, kama shukrani kwa askari wa India waliopigana upande wa Uingereza.

Hebu jiulize: katika mazungumzo yote hayo, Mnyaturu aliulizwa wapi? Mnyiramba aliulizwa wapi? Hakuna aliyeulizwa. Sisi tuna uwanja wa mpira hapa mjini unaoitwa Liti, kwa jina la mama wa Kinyaturu ambaye simulizi zetu zinasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Watu wa mama huyo ndio walioonekana Paris kama ng'ombe wasio na sauti mnadani. (Makofi)

Lakini hapo hapo Paris kulitokea jambo ambalo wakubwa wenyewe hawakujua litawarudi.

Rais Wilson wa Marekani alikuwa ameshasema mbele ya dunia kwamba vita ile haikuwa ya kunyang'anyana makoloni. Wakatafuta namna ya kuchukua bila kuonekana wamechukua. Ndipo Mkataba wa Versailles wa 1919 ukasema Ujerumani inaachia makoloni yake yote, na Hati ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, ikasema katika kifungu cha 22 kwamba nchi hizo zitawekwa chini ya udhamini. Ustawi wa watu wake utakuwa, kwa maneno ya hati yenyewe, amana takatifu ya ulimwengu uliostaarabika. Tuache hiyo dharau ya kujiita wastaarabu. Shikeni hilo neno amana. Hati ya Udhamini wa Tanganyika ilithibitishwa Julai 1922, na Uingereza ikatakiwa kupeleka ripoti Geneva kila mwaka.

Wengine watasema ni maneno tu. Ngoja niwape mfano wa nyumbani.

Mzee amefariki, ameacha watoto wadogo na ng'ombe ishirini. Ukoo unakaa, unasema baba mdogo awaangalie watoto na mali mpaka wakue. Baba mdogo anakamua maziwa, anakunywa. Analimia wale ng'ombe shambani kwake. Anaweza hata kuwa mkali kwa wale watoto. Kwa nje ukipita utasema huyu ndiye mwenye zizi. Lakini siku akitaka kuuza ng'ombe wote ahamie mjini, ukoo utamuuliza: nani kakupa? Na watoto wakikua wakisema baba mdogo tunashukuru, sasa tupe fimbo yetu, hana la kujibu. Akiwa amepangisha zizi kwa jirani milele, mkataba ule hauna nguvu, kwa sababu hakuwa na umilele wa kumpa mtu.

Hiyo ndiyo tofauti ya mwenye mali na mdhamini. Makamanda, sheria nzima ya amana ipo hapo, na bibi yako anaijua kuliko mimi.

Sasa tuone ilivyofanya kazi. Angalieni jirani zetu Kenya. Kenya ilitangazwa koloni kamili mwaka 1920. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua mahakamani kwamba ardhi ni ya Mfalme wa Uingereza, na Mwafrika anayekaa juu yake ni mpangaji tu anayeweza kuondolewa Mfalme akitaka. Mpangaji kwenye shamba la babu yake! Huku kwetu, Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Gavana, lakini inashikiliwa kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Simsifii Mwingereza, nitawaonesha muda si mrefu alivyoivunja. Ila oneni tofauti ya karatasi mbili za mtawala mmoja, nchi mbili zinazopakana. Kule anasema ni yangu. Huku analazimika kuandika kwamba ni yao, mimi nimeshika tu.

Na walijaribu kuimeza, msidhani hawakujaribu. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kenya wakiongozwa na Delamere, pamoja na Waziri wa Makoloni Amery, walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe dola moja chini ya walowezi. Mwaka 1925 Delamere aliita mkutano wa walowezi Tukuyu, kwenye ardhi yetu, kupanga jambo hilo. Gavana wa Tanganyika mwenyewe, Cameron, akapinga, na moja ya silaha zake ilikuwa ile Hati ya Udhamini. Ujerumani nayo, iliyokuwa imeingia Shirikisho la Mataifa mwaka 1926, ikapiga kelele Geneva kwamba mdhamini anataka kugeuza amana kuwa mali yake. Ujerumani haikutupenda, ilikuwa inajitafutia njia ya kurudi. Lakini kelele zao zilizuia mlango usifungwe.

Mwaka 1931 Waafrika watatu walipelekwa London kuhojiwa na kamati ya Bunge la Uingereza juu ya muungano huo: Chifu Makwaia kutoka Usukuma, Lwamgira kutoka Bukoba, na Martin Kayamba kutoka Tanga. Walichaguliwa na serikali, hilo tulikubali. Lakini walisema wazi kwamba watu wao hawautaki. Kamati ikaacha mpango ule usiendelee. Miaka iliyofuata Hitler akaanza kudai makoloni yarudishwe, na huku walowezi wakaanza kuogopa kwamba London itatutoa sadaka ili apatikane amani Ulaya. Mnaona? Miaka ishirini baada ya Paris bado tulikuwa kitu cha kupewa na kunyang'anywa. Ila kila aliyetaka kutuchukua alikuta lile neno limekaa mlangoni.

Vita ya Pili ikaisha, Umoja wa Mataifa ukaanzishwa, na Desemba 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya mkataba mpya wa udhamini. Hapa ndipo mambo yalipobadilika kwa kweli, kwa sababu tatu. Kwanza, Hati ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 76, ilitaja lengo waziwazi: kujitawala au uhuru, kwa kufuata matakwa ya watu wenyewe yaliyotolewa kwa hiari. Pili, ujumbe wa Baraza la Udhamini ukawa unakuja nchini kukagua. Ulianza kuja 1948, ukarudi 1951, 1954, 1957 na 1960. Tatu, na hii ndiyo naipenda kuliko zote, kifungu cha 87 kilisema mwananchi wa kawaida anaweza kupeleka malalamiko yake moja kwa moja. Mtu wa kijijini anaandika barua, inafika New York, na Mwingereza anatakiwa ajibu.

Wa kwanza kuutumia mlango huo kwa nguvu walikuwa Wameru. Novemba 1951 serikali iliwatoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ya Ngarenanyuki ili wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Kumbukeni ile sheria ya 1923 iliyosema ardhi ni kwa manufaa ya wenyeji. Ndiyo hiyo.

Wameru walifanya nini? Walichangishana. Shilingi kwa shilingi. Wakamtafuta mwanasheria, Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wakamchagua kijana wao, Kirilo Japhet. Mwaka 1952 Kirilo akasimama kwenye Umoja wa Mataifa, mtu wa kwanza wa Tanganyika kufanya hivyo, akaieleza dunia kilichotokea Ngarenanyuki.

Sitaki tudanganyane: walishindwa. Azimio la kuwarudishia ardhi halikufikisha theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Kirilo alirudi bila ardhi. Lakini alirudi na kitu kingine. Alizunguka akiwaeleza watu kwamba Mwingereza ana mkubwa wake, na kwamba kuna mahali anaitwa ajieleze. Ukishamwona baba mdogo akijitetea mbele ya ukoo, humwogopi tena kama zamani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa. Mwezi uliofuata ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaingia nchini, na ripoti yao ikapendekeza Tanganyika iwekewe muda: ijitawale ndani ya miaka 20 mpaka 25, au hata mapema. Uingereza ikapinga vikali. Haikutaka kusikia habari ya tarehe. Kumbukeni, mdhamini mwenye nia mbaya siku zote hakatai kwamba watoto watakua. Anakataa tu kusema lini.

Machi 1955 Nyerere akaenda New York, kwa michango ya wanachama. Viza ya Marekani ilimfungia ndani ya eneo dogo karibu na makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Machi 1955 alisema mbele ya Baraza la Udhamini, na hakuomba uhuru kesho asubuhi. Aliomba itamkwe rasmi kwamba nchi hii, pamoja na Wazungu na Wahindi waliomo, msingi wake ni nchi ya Waafrika na itatawaliwa hivyo. Kwa nini hilo lilikuwa muhimu? Kwa sababu Gavana Twining alikuwa analeta mpango wa viti sawa kwa rangi tatu: mamilioni ya Waafrika, makumi ya maelfu ya Wahindi, na Wazungu wachache, kila kundi viti sawa. Kwa lugha ya zizi letu, baba mdogo alikuwa anataka kuandika majirani wawili kwenye urithi kabla watoto hawajakua. Nyerere akauona mtego, akaupeleka kule kule kwenye karatasi: amana ni ya nani? Taja mwenyewe.

Miaka sita na miezi tisa baada ya siku ile, tarehe 9 Desemba 1961, tulikuwa huru. Ile miaka 25 waliyoiona ni mingi sana kuitaja haikufika hata saba.

Kuna kamanda ananiangalia kama anataka kusema: dada, karatasi haikumfukuza mkoloni, TANU ndiyo iliyomfukuza, watu ndio waliomfukuza. Nakubaliana naye kabisa. Na nina ushahidi mzuri kuliko wake: Namibia. Namibia nayo ilikuwa koloni la Mjerumani. Nayo iliwekwa chini ya kifungu kile kile cha 22. Afrika Kusini ikapewa iitunze, nayo ikakataa kuiingiza kwenye udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikataka iwe yake. Mahakama ya Kimataifa ilisema mwaka 1950 kwamba Afrika Kusini haiwezi kubadilisha hadhi ya nchi ile peke yake. Ethiopia na Liberia zikafungua kesi. Mwaka 1966 zikashindwa kwa kura ya turufu ya rais wa mahakama baada ya majaji kugawanyika nusu kwa nusu, wakaambiwa hawana haki ya kushtaki. Mwaka 1971 mahakama hiyo hiyo ikasema kukaa kwa Afrika Kusini Namibia ni haramu. Makaburu wakakaa. Namibia ilipata uhuru 21 Machi 1990, baada ya damu nyingi, na wapiganaji wake wengi mnajua walipita nchini kwetu.

Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Lakini oneni: hata Namibia, kwa miaka yote ile, karatasi ndiyo iliyowazuia Makaburu wasiitangaze kuwa mkoa wao na dunia ikakubali. Sheria bila watu ni lugha tamu. Watu bila sheria wanachoka haraka, maana kila siku wanaanza upya kueleza kwa nini wana haki. Wazee wetu walikuwa na vyote viwili.

Sasa nimalizie na sehemu ambayo haifundishwi sana, na inapita hapa hapa mkoani kwetu.

Mwaka 1921 Uingereza ilisaini mkataba na Ubelgiji. Ilimpa Mbelgiji maeneo bandarini Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru, kwa reli ya kati. Reli hiyo inapita Manyoni na Itigi. Kodi ya maeneo yale ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa mkataba ulikuwa milele. Mnasikia? Faranga moja. Milele. (Kicheko)

Tulipokaribia uhuru swali likaja: je, serikali mpya inafungwa na mkataba huo? Wakubwa wengi walitegemea tuseme ndiyo, kwa adabu. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Nyerere aliliambia Bunge hapana. Hoja yake ilikuwa ile ile ya zizi: mamlaka iliyokuwa hapa kwa muda haiwezi kutoa ardhi ya nchi hii kwa umilele. Kwa mikataba mingine ya nchi mbili mbili iliyosainiwa na Uingereza kwa niaba yetu, Tanganyika iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba itaiheshimu kwa miaka miwili tu, tuipitie, tunaoutaka tuujadili upya, tusioutaka ufe. Mwaka 1962 ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 juu ya maji ya Nile, yaliyozuia kazi kwenye mito na maziwa ya Nile bila ridhaa ya Misri, hayatufungi. Wanasheria duniani wanaiita Kanuni ya Nyerere. Leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga, na kwa majirani zetu wa Igunga. Mkiwaona wanachota, kumbukeni kuna barua iliandikwa.

Basi tuje nyumbani.

Mwaka 2023 nchi nzima ilibishana juu ya mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Bunge liliuridhia tarehe 10 Juni, na Agosti Mahakama Kuu Mbeya ikatupa shauri la wananchi walioupinga. Kila mtu ana msimamo wake na wa kwetu mnaujua. Ninachotaka mwone ni kwamba swali walilouliza wananchi wale lilikuwa la 1961, juu ya bandari ile ile: aliyesaini alikuwa na mamlaka kiasi gani, na muda wa mkataba ni upi? Kuuliza swali hilo siyo uchochezi. Ni urithi tulioachiwa na muasisi wa taifa.

Katiba yetu, Ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ameshika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Tena hapo, mdhamini. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayesimamia mali ya wengine, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Yaani mwenyekiti wa kijiji chako anakaa kwenye kiti kile kile alichokalia Mwingereza: anatunza, hamiliki.

Mkoa wetu sasa unatafutwa. Watu wanataka mashamba ya alizeti na korosho, wanataka dhahabu, wanataka upepo wa Singida wafue umeme, na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kwenda Tanga linapita kwetu. Mimi siwapingi wawekezaji, nataka ajira kama ninyi. Lakini kila mtu akija na gari zuri kijijini kwako, yapo mambo matatu ya kufanya, na yote yametoka kwenye historia niliyowaambia.

La kwanza, omba karatasi. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uko wapi? Kisheria mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kama ardhi imetolewa na mkutano haukukaa, hapo kuna jambo.

La pili, uliza swali la Nyerere: huyu aliyesaini alikuwa na uwezo wa kutoa alichokitoa, na kwa miaka mingapi? Ukisikia neno milele, au miaka mingi kuliko umri wa mjukuu wako, simama.

La tatu, andika. Wameru waliandika. Weka tarehe, majina ya mipaka, idadi ya kaya, saini za watu. Peleka wilayani, bakiza nakala. Baraza la kata, baraza la ardhi la wilaya, Mahakama Kuu, mlango upo. Mnaweza kushindwa mara ya kwanza, kama Kirilo alivyoshindwa. Nakala ile itabaki, na atakayekuja baada yenu hataanza sifuri.

Najua kuna atakayeuliza, hiyo Tanganyika yenyewe leo iko wapi? Hiyo, kaka yangu, ni mada ya siku nyingine, na mwenyekiti ameshanionesha saa. (Kicheko)

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja akirudi kwake amwombe mtendaji wa kijiji au mtaa amwoneshe muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho. Kwa adabu, shikamoo kwanza, halafu naomba kuona. Mtakaonyimwa, leteni majina ya vijiji kwenye kikao kijacho tuandike barua pamoja.